Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kigoma: kumbikumbi waingie katika uji wa mtoto

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa na Maafisa Lishe wa Wilaya.
Nakala: Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Shirika la Viwango Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu niliyefanya kazi kwa muda mrefu katika kliniki za mama na mtoto wilayani Kasulu. Nimeona afadhali niseme ombi langu mwanzoni, ili hata asiyepata nafasi ya kusoma hadi mwisho alijue. Naomba mkoa wetu uamue, kabla mvua za kwanza za Oktoba na Novemba hazijaanza kunyesha, kwamba kumbikumbi watafundishwa, watapikwa na watapimwa rasmi kama chakula cha asili ya wanyama kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuendelea, na kwamba gharama ya kazi hiyo itatoka katika ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano ambayo kila halmashauri imeagizwa kuitenga kutoka mapato yake ya ndani. Siombi mradi mpya wenye jina na nembo, wala sisemi kwamba mdudu huyu atamaliza udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Nitaeleza baadaye kwa nini hilo la pili silisemi.

Hali yetu mnaijua kwa takwimu kuliko mimi, ila kuna jambo ndani ya takwimu hizo ambalo naona halizungumzwi ipasavyo katika vikao. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliuweka Mkoa wa Kigoma miongoni mwa mikoa ambayo udumavu ulivuka asilimia 40 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 32. Kitaifa udumavu umekuwa ukishuka: asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015–16, na asilimia 30 mwaka 2022. Huo ni ushindi wa taratibu na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 haukushuka pamoja nao. Ulikuwa asilimia 58 mwaka 2015–16 na ukawa asilimia 59 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watoto tunaowaweka kwenye mizani wana damu pungufu, na mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walitia saini mwaka 2017 na tena mwaka 2022 imetufanya tuzoee kuhesabu sentimita za urefu kuliko wekundu wa damu.

Sababu za upungufu huo ni zaidi ya moja. Malaria ipo, minyoo ipo, na mama aliyejifungua akiwa na damu kidogo humrithisha mtoto akiba ndogo ya madini ya chuma, akiba ambayo kwa kawaida hukaribia kwisha anapotimiza miezi 6. Kuanzia hapo maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayatoi madini hayo ya kutosha, na mtoto wa miezi 6 hadi 12 anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa tuangalie kilichomo katika bakuli lake. Kwetu ni uji wa mahindi au wa muhogo, baadaye ugali laini wa muhogo kwa mchuzi wa maharage, wakati mwingine ndizi zilizopondwa na mawese. Muhogo hauna protini ya kutajwa. Mahindi na maharage yana madini ya chuma, lakini yana pia viambata vinavyoyashikilia madini hayo yasifyonzwe vizuri tumboni. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu vyakula vya nyongeza unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula cha asili ya wanyama, yaani nyama, samaki au mayai, kila siku.

Kila siku! Mimi niliyasema maneno kama hayo kwa akina mama waliokaa kwenye mabenchi ya kliniki, na nilijua, nao walijua kwamba najua, kuwa yai la kuku wa kienyeji ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la mtoto mkubwa. Nyama ni ya sikukuu. Tulichokuwa tukikitegemea ni dagaa, na dagaa wa Kigoma wana sifa nchi nzima, jambo ambalo ni fahari kwetu na vilevile ni chanzo cha tatizo, kwa kuwa mwenye fedha wa Dar es Salaam humnunua dagaa yule yule ambaye mama wa Buhigwe anamhitaji, na humnunua kwa bei ambayo mama huyo haiwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa ziwa, nami siupingi. Ninachosema ni kwamba miezi mitatu ni muda mrefu sana katika maisha ya mtoto wa miezi 8, na sikuona mpango wowote wa lishe uliotangazwa wa kuziba pengo hilo katika uji wake.

Katika mazingira hayo tunao kumbikumbi, ambao hawahitaji kutambulishwa kwa yeyote aliyekulia Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Uvinza. Mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Wenye ujuzi hukifunika kichuguu kwa matawi na blanketi, huacha tundu moja na kuchimba kishimo mbele yake. Wengine hutegesha taa usiku juu ya beseni la maji. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe bila kuongezwa kitu, hupepetwa kwa ungo mbawa ziondoke, huanikwa, na huliwa kwa ugali au huuzwa kwa kopo barabarani. Watoto wakubwa huwala wakiwa wanacheza. Mtoto mdogo wa miezi 9, ambaye ndiye mwenye shida, hapewi, kwa sababu hana meno ya kumtafuna na hakuna aliyemwambia mama kwamba kumbikumbi anaweza kusagwa.

Wataalamu waliopima aina nne za kumbikumbi wanaoliwa magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba kila gramu 100 za kumbikumbi waliokaushwa zina protini kati ya gramu 33 na 40, mafuta kati ya gramu 44 na 48, na madini ya chuma kati ya miligramu 53 na 115 hivi, pamoja na zinki kati ya miligramu 7 na 13. Tufanye hesabu ndogo ya jikoni. Gramu 10 za unga wa kumbikumbi, ambazo ni vijiko vichache vidogo, zingempa mtoto protini ya gramu 3 hadi 4 na madini ya chuma ya miligramu 5 hadi 11. Yai zima la kuku halifikishi miligramu 1. Najua kuna angalizo hapa, na nalitaja mwenyewe kabla mtaalamu hajanikosoa: sehemu ya madini hayo inaweza kuwa ya udongo uliogandamana na mdudu, na si yote yanayopimwa maabara ambayo hufyonzwa na utumbo wa mtoto. Hata tukikata hesabu hiyo nusu, na nusu yake tena, bado hatuna chakula kingine cha bei hiyo vijijini chenye kiasi kama hicho. Mafuta yake nayo si ya kudharau, kwani tumbo la mtoto ni dogo na uji wetu ni mwepesi, na kijiko chenye mafuta humwongezea nguvu bila kumjaza tumbo.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria hunichekesha kidogo na kunisikitisha zaidi. Kumbikumbi na mchwa wa Kigoma wanajulikana duniani. Mwaka 1960, kule Gombe, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka ubua wa nyasi katika tundu la kichuguu na kuwavua mchwa ili awale, na taarifa hiyo ikabadilisha namna wanasayansi walivyomfafanua binadamu, kwa vile ilidhaniwa kuwa ni yeye pekee atengenezaye zana. Tangu wakati huo sokwe hao wameandikiwa kurasa nyingi juu ya wanakula nini, lini na kwa namna gani. Ningependa watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hiyo nao waandikiwe walau ukurasa mmoja.

Waheshimiwa, sidai kwamba nimegundua kitu. Maelezo ya Taasisi ya Chakula na Lishe kuhusu makundi ya vyakula huwataja senene, nzige na kumbikumbi pamoja na nyama, samaki, maziwa na mayai. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2013 ripoti nzima juu ya wadudu wanaoliwa, likihesabu zaidi ya aina 1,900 duniani kote. Kwenye karatasi, basi, wadudu wapo. Wanapotea njiani, kati ya karatasi na sufuria. Nimehudhuria Siku za Afya na Lishe za Kijiji nyingi, na katika mapishi darasa ya siku hizo nimeona karoti iliyosafirishwa kutoka mjini, nimeona maziwa ya unga ya kopo, nimeona hata tufaha. Kumbikumbi sijamwona, hata katika mwezi ambao walikuwa wakiuzwa hatua chache kutoka mahali tuliposimama. Nadhani sababu ni aibu zaidi kuliko sayansi. Mtaalamu kijana aliyetoka chuoni huona haya kumwambia mama ampe mtoto mdudu, asije akaonekana anawadharau watu wa kijijini. Na mama naye, akiona mtaalamu hamtaji, huamua kwamba hicho ni chakula cha wasio na uwezo. Majirani zetu wa Kagera hawana aibu hiyo kwa senene. Huwafunga vizuri, huwapelekea wageni, na hakuna mkuu wa wilaya anayekataa kupokea.

Sasa nije kwenye ushahidi, kwa sababu hapa ndipo watetezi wengi wa jambo hili huteleza kwa kuahidi kupita kiasi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo la Équateur, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambapo watoto waliotimiza miezi 6 walipewa kila siku chakula kilichotengenezwa kwa viwavi waliokaushwa na kusagwa, wakachanganywa na unga wa mahindi, mawese, sukari na chumvi, hadi walipofika miezi 18. Wenzao wa kulinganishwa nao waliendelea na chakula cha kawaida cha nyumbani. Udumavu haukupungua. Walipopimwa wakiwa na miezi 18, makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa upande huo. Lakini upungufu wa damu ulikuwa asilimia 26 kwa waliokula viwavi, na asilimia 50 kwa wasiokula. Nawaomba mzisome takwimu hizo mbili kwa pamoja. Anayetaja ya kwanza peke yake atasema wadudu hawana faida, na anayetaja ya pili peke yake atakuwa anatafuta wafadhili.

Mimi nazielewa hivi. Urefu wa mtoto hupotea mapema, tangu akiwa tumboni kwa mama mwenye lishe duni, na huendelea kupotea kwa kuharisha, kwa maji machafu, kwa homa zisizotibiwa mapema. Kijiko cha protini hakiwezi kurudisha yote hayo. Damu hujibu upesi zaidi ikipata madini inayoyakosa. Na kwa kuwa takwimu zetu zinaonyesha kwamba udumavu unashuka kwa njia nyingine ilhali upungufu wa damu umegoma, chakula kinachosaidia damu ndicho hasa tunachokikosa. Mtoto mwenye damu pungufu huchoka, huugua, na ubongo wake hukua ukiwa na njaa hata kama urefu wake kwenye kadi haujatia shaka.

Utafiti mwingine wa Kenya magharibi, tofauti na ule wa vipimo nilioutaja juu, ambao ulichanganya kumbikumbi na dagaa pamoja na mahindi na mchicha wa nafaka, uliwalinganisha watoto na wenzao waliopewa unga wa mahindi na soya ulioongezwa virutubishi kiwandani, na ukuaji wao haukutofautiana. Mwenye haraka atasema hakuna kilichopatikana. Mimi nasema kwamba chakula cha kienyeji kilisimama bega kwa bega, kwa upande wa ukuaji, na unga ule ule ambao mashirika ya misaada huununua kwa fedha za kigeni, ingawa tafiti hizi mbili hazijafanyika kwetu na kumbikumbi wetu hawajapimwa. Hiyo ndiyo sababu sehemu moja ya ombi langu ni kupima.

Kabla ya kufika huko lazima niseme juu ya hatari, na nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kuhimili uzembe ambao mtu mzima angeuhimili. Ya kwanza ni ya kufungia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Kenya walikufa watu kwa sumu ya botulini baada ya kula kumbikumbi waliokuwa wamefungwa bila hewa wakati wa safari. Kumbikumbi wabichi au wenye unyevu wakishindiliwa ndani ya mfuko wa plastiki au debe wakakaa siku kadhaa, vijidudu vya sumu hiyo hupata mazingira vinavyoyapenda. Kwa hiyo akina mama wafundishwe kuwakaanga siku ile ile waliyowakamata, kuwaanika juu ya mkeka au kichanja na si juu ya udongo, mpaka wavunjike kwa vidole, na kuwafungia wakiwa wamekauka kabisa. (Kwa kuwa nimetaja sumu hiyo, niwakumbushe ndugu zetu wa Tabora, na sisi tunaopokea asali yao, kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe asali kwenye uji kwa sababu hiyo hiyo.)

Ya pili ni sumukuvu. Taifa linakumbuka mwaka 2016, watu 20 walipofariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye ukungu. Mdudu aliyekaushwa nusu nusu na kuwekwa stoo yenye unyevu hupata ukungu kama mahindi na karanga, na unga wa lishe tunaoununua dukani, wenye karanga zisizojulikana zilikotoka, una hatari hiyo hiyo ingawa hakuna anayeuogopa.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa mkoa wetu, nayo ni viuatilifu. Kasulu, Kibondo na Kakonko tunalima tumbaku, na wenzetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge ndio wenye tumbaku hasa. Dawa hupuliziwa mashambani, na zaidi ya hapo watu humwaga dawa ya mchwa moja kwa moja katika vichuguu vilivyo karibu na nyumba ili milango na mapaa yasiliwe. Kumbikumbi wa kichuguu kama hicho hafai kuliwa na mtu, sembuse mtoto. Serikali ya kijiji inaweza kuweka sheria ndogo kwamba kichuguu kilichomwagiwa dawa kitiwe alama, na kwamba wanaovuna kwa ajili ya kuuza wavune mbali na mashamba ya tumbaku. Sheria hiyo haihitaji hata shilingi moja.

Mengine ni mafupi. Mwenye mzio wa kamba wa baharini anaweza kupata mzio wa wadudu, hivyo mtoto aanzishiwe kwa kiasi kidogo sana na aangaliwe. Asipewe mdudu mzima, kwani atakabwa. Mbawa na miguu viondolewe, asagwe, achekechwe. Chumvi isitiwe. Unga wake hauhifadhiki kwa muda mrefu, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta hayo huharibika na kutoa harufu kali. Ni bora wahifadhiwe wakiwa wazima waliokaushwa vizuri, mahali pakavu na penye giza, wakasagwa kidogo kidogo.

Najua pia kwamba si kila nyumba itawakubali. Katika mkoa huu tuna Waislamu wengi, na juu ya nzige hakuna ubishi, ilhali juu ya wadudu wengine wanazuoni wamehitilafiana. Tuna Wasabato wengi, ambao katika Mambo ya Walawi sura ya 11 husoma ruhusa ya nzige, parare na panzi, na makatazo ya wadudu wengine wenye mbawa. Hakuna mhudumu wa afya mwenye haki ya kubishana na mama juu ya imani yake. Kwa nyumba hizo tubaki na dagaa, mayai, na panzi kwa anayewataka, na masheikh na wachungaji waulizwe mapema badala ya kuja kulaumiwa kwamba wamepinga.

Hofu yangu nyingine ni ya soko. Yaliyompata dagaa yanaweza kumpata kumbikumbi. Tukianza kumsifu kwenye redio, mfanyabiashara atakuja na gunia, bei itapanda, na mama atauza hata kopo alilomwekea mtoto. Siwezi kumkataza mama kuuza. Fedha ile ina kazi zake. Lakini ndiyo maana nasisitiza mafunzo yatangulie biashara, na kwamba wanaoota viwanda vya kufungasha wadudu kwa ajili ya masoko ya nje wasubiri kwanza. Hata ufugaji wa nyenje unaojaribiwa nchini Kenya, ambao naufuatilia kwa hamu, naona kwa sasa si wa mtu mwenye kibanda kimoja na ndoo mbili za maji kwa siku. Tuanze na kinachoruka bure.

Na kiendelee kuruka. Kichuguu kikichimbwa chote ili kumfikia malkia, mwaka unaofuata hakuna mavuno hapo. Viwavi wanaoliwa, ambao ndugu zetu kutoka Kongo walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996 wanawajua vizuri kuliko sisi, huishi kwenye miti ya miombo, miti ile ile inayokatwa kukaushia tumbaku. Maafisa misitu waitwe kwenye kikao cha lishe. Kwa kawaida hawaalikwi.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, narudi kwenye ombi kwa undani wake. Halmashauri yenye watoto 50,000 wa chini ya miaka mitano hutakiwa kutenga shilingi milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya lishe. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ingetosha kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kukaanga, kukausha, kusaga na kuchanganya, ili katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ya robo ya Oktoba hadi Desemba mapishi darasa yawe ya uji wa mahindi au muhogo wenye unga wa kumbikumbi na tone la mawese yetu mekundu, ambayo yana vitamini A. Kenya walitumia sehemu 1 ya kumbikumbi katika kila sehemu 10 za mchanganyiko; tunaweza kuanzia hapo hadi wataalamu wetu watuelekeze vingine.

Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, liombwe kuchukua sampuli za kumbikumbi kutoka kila wilaya, za porini na za karibu na mashamba, na kuzipima sumukuvu, mabaki ya viuatilifu na vijidudu, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kwa lugha inayosomeka. Nikiulizwa ni lipi lifanyike kwanza endapo fedha itatosha moja tu, nitajibu kwamba ni hili. Sitaki mtoto yeyote apewe chakula kwa barua yangu kabla hatujajua kama ni salama.

Taasisi ya Chakula na Lishe nayo iombwe kusimamia jaribio la kweli katika kata chache: watoto wa miezi 6 wapimwe wekundu wa damu, kata nyingine zipewe mafunzo na unga, nyingine ziendelee kama kawaida huku zikipata tiba ya minyoo na vyandarua sawasawa na zile za kwanza, na wote wapimwe tena wakiwa na miezi 18. Majibu yakionyesha kwamba hakuna tofauti, yatangazwe vilevile, nami nitakuwa wa kwanza kuacha kuwasumbua. Yakionyesha tofauti, basi wekundu wa damu uingizwe katika vigezo vya mkataba wa lishe wa mkoa, ili mkurugenzi aulizwe habari zake kama anavyoulizwa habari za udumavu.

Bajeti za halmashauri kwa robo hiyo ya mwaka hupitiwa kwenye vikao vya kamati za lishe kabla ya Oktoba. Naomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya lishe ya mkoa, na niko tayari kuitwa, kwa nauli yangu mwenyewe, kujibu maswali na kusikia pingamizi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Kasulu, Kigoma